SIKU ZA MWISHO ZA SAFARI: SOMO KUTOKA CHOMBONI

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

UTANGULIZI

Mpenzi msomaji, hebu panda matatu asubuhi pale Kangemi ama Kawangware ukielekea mjini, kisha usikilize Kiswahili kinachosemwa humo ndani. Makanga atakudai nauli. Wewe mwenyewe utaitwa abiria. Dereva ameshika usukani. Redio itatangaza kwamba michuano ya shule za upili imeng'oa nanga na kwamba nahodha wa timu fulani ameumia goti. Jirani yako atanung'unika kwamba mipango yake imekwenda mrama. Huko juu ndege inashuka kuelekea uwanja wa Wilson, na anayeiongoza ni rubani.

Hesabu mwenyewe: maneno saba, na yote yalikuwa ya vyombo vya baharini kabla hayajafika barabarani na angani. Sisi wa Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mombasa iko karibu kilomita 480 kutoka hapa, lakini ndimi zetu zimejaa maji ya chumvi.

Shida ni moja. Maneno tunayo, lakini kazi yake hatuijui. Katika insha tunayatia kama mapambo tu, ati yapendeze. Kwa hivyo katika toleo hili nimechagua tujifunze maneno hayo yakiwa kazini, na nimechagua wakati ambapo yanafanya kazi ngumu kuliko wakati wowote mwingine, yaani siku za mwisho za safari ya kuvuka bahari kwa tanga. Hoja yangu ni hii: kuiona nchi si kufika. Baharia huhitaji uangalifu zaidi anapokaribia nyumbani kuliko anapokuwa katikati ya bahari. Someni mpaka mwisho, kisha mniambie kama nimekosea.

1. CHOMBO NA WATU WAKE

Jahazi ni chombo cha mbao chenye mlingoti mmoja mkubwa, mara nyingine miwili. Juu ya mlingoti hutwekwa foromali, yaani mti mrefu unaoshikilia tanga, na tanga lenyewe lina umbo linalokaribia pembetatu. Mbele ya chombo huitwa omo. Nyuma, anakokaa mshika usukani, huitwa tezi. Chini kabisa, ndani ya tumbo la chombo, pana ngama. Hapo ndipo yanapokusanyika maji yanayopenya baina ya mbao. Chombo cha mbao huvuja, hata kama ni kidogo tu, kwa hivyo kila siku lazima mtu ashuke kufua maji. Usifikiri ni kufua nguo! Kufua maji chomboni ni kuyateka ngamani kwa ndoo na kuyamwaga nje.

Mkubwa wa chombo ni nahodha. Neno hili limetoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni bwana wa chombo. Chini yake yuko serahangi, msimamizi wa mabaharia, ambaye pia jina lake ni la Kiajemi. Kisha wako mshika usukani, mabaharia wa kawaida na mpishi. Chomboni hamna vyumba vya kulala watu wote. Mabaharia hulala juu ya sitaha ama juu ya shehena, kila mmoja na mkeka wake. Usiku na mchana hushika zamu: wengine wakilala, wengine wanaangalia upepo, tanga na maji.

2. PEPO MBILI ZA MWAKA

Katika sehemu hii ya Bahari ya Hindi, upepo ndio ratiba. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Huo ndio uliovileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na India, vikiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, nao ndio uliovirudisha makwao vikiwa na boriti za mikoko na bidhaa nyingine za huku. Baina ya pepo hizo mbili kuna maleleji, wakati ambapo upepo hauna msimamo. Katikati ya mwaka kusi hukaza sana, na zamani manahodha walisema bahari imefungwa, hawakutoka.

Msidhani haya ni mambo ya kale peke yake. Januari 2019, dau liitwalo Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa takataka za plastiki, lilisafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar, umbali wa kama kilomita 500. Walichagua Januari kwa sababu ileile waliyoichagua mababu: kaskazi humsukuma msafiri kuelekea kusini.

Je, ukitaka kwenda unakotoka upepo? Chombo cha tanga hakiwezi kwenda huko moja kwa moja. Hulazimika kwenda upande, kisha kugeuka na kwenda upande wa pili, kama matatu inayopanda mlima wenye kona nyingi. Huko ndiko kubisha. Na chombo kinachokaza tanga ili kuukaribia upepo kadiri kinavyoweza husemwa kwamba kinakwenda joshi. Ni kazi ya nguvu, na chombo kibovu hakiiwezi.

3. MAJI, CHAKULA NA HASIRA

Sasa tuseme chombo kimekwisha kuwa baharini siku nyingi. Ni nini kinachobadilika siku za mwisho?

Jambo la kwanza ni maji ya kunywa. Hebu tupige hesabu. Chukua jahazi dogo lenye watu 12 na mapipa yenye lita 720 za maji. Kila mtu akitumia lita 4 kwa siku, za kunywa na za kupikia, chombo kinatumia lita 48 kila siku, na maji yatatosha siku 15. Siku kumi za kwanza hakuna anayehesabu. Siku ya kumi zimebaki lita 240. Kama upepo umepungua na nahodha anaona zimebaki siku 8, basi kila mtu atapata lita 2 na nusu tu. Ndipo pipa linapowekewa mlinzi na kikombe cha kupimia. Na maji yenyewe yamekwisha kuchacha na kunuka mbao.

La pili ni chakula. Vilivyo vibichi vimekwisha. Kilichobaki ni mchele, unga, tende, samaki mkavu na kahawa. Mpishi hupika juu ya sanduku la mbao lililotiwa mchanga ndani, ili moto usiunguze chombo. Kuni nazo zimepungua, na bahari ikichafuka sufuria haikai mekoni.

La tatu ni mwili. Chumvi hukauka ngozini, na mahali kamba ilipochubua hapaponi haraka. Usingizi wa zamu ni wa vipande vipande. Mtu akikosa usingizi mzuri kwa majuma mawili hufanya makosa ambayo siku ya kwanza asingeyafanya: hufunga kamba vibaya, husahau kwenda kufua maji, husinzia akiwa ameshika usukani.

La nne, ambalo pengine ni kubwa kuliko yote, ni hasira na haraka. Watu 12 wamekaa pamoja mahali padogo. Hadithi zimekwisha. Kila mmoja anafikiria nyumbani. Huyu anasema nchi itaonekana kesho, yule anasema bado siku tatu, na wanagombana kwa jambo ambalo hakuna kati yao anayelijua. Hapo nahodha hujulikana kama ni nahodha kweli. Kazi yake siku hizo si kuongoza chombo tu bali pia kuongoza mioyo: kuwagawia kazi wasikae bure, kuwapatanisha waliokosana, na kutoahidi siku asiyokuwa na hakika nayo.

Enyewe, sisi watahiniwa tunaijua hali hiyo. Muhula wa tatu bwenini watu hukosana kwa sababu ya ndoo ya maji!

4. KUJUA ULIPO BILA KUONA NCHI

Mabaharia wa zamani waliijuaje njia? Walitumia nyota. Usiku walipima urefu wa nyota ya kaskazini kutoka upeo wa bahari. Kifaa chao kilikuwa kibao kidogo chenye uzi uliofungwa mafundo. Baharia aliuuma uzi kwa meno, akakinyoosha kibao mbele yake, akahakikisha kwamba ukingo wa chini unagusa upeo wa bahari na ukingo wa juu unagusa nyota. Kila fundo lilikuwa alama ya bandari fulani. Nyota ikikubaliana na fundo la bandari yako, ujue uko sawa nayo. Kilichobaki ni kwenda mashariki ama magharibi hadi uifikie.

Mabaharia wa Kiarabu walipima kwa vidole. Duara lote la mbingu waligawa katika vidole 224. Wenzangu wa hisabati, fanyeni hesabu: digrii 360 ukigawa kwa 224 unapata digrii 1.6 hivi kwa kila kidole. Na katika mada ya latitudo na longitudo tumefunzwa kwamba digrii moja ni maili 60 za baharini. Kwa hivyo nyota ikishuka kidole kimoja, chombo kimekwenda kusini karibu maili 96, yaani kama kilomita 178, zaidi kidogo ya umbali wa Nairobi hadi Nakuru.

Lakini nyota hiyo hushuka kadiri unavyokwenda kusini, na kwenye ikweta hugusa upeo wa macho. Mombasa, iliyo digrii 4 kusini mwa ikweta, haionekani. Hapo baharia alilazimika kutumia nyota nyingine, kama zile za Msalaba wa Kusini.

Sasa angalieni hatari iliyojificha. Nyota ilimwambia baharia amefika wapi kaskazini ama kusini. Haikumwambia amebakisha maili ngapi kabla ya kugonga nchi iliyo mbele yake upande wa magharibi. Ili kujua hilo kwa hakika unahitaji saa isiyokosea, na hiyo haikuwako. Kwa hivyo siku za mwisho baharia alikuwa kama mtu anayetembea gizani akiwa amenyoosha mikono, akijua ukuta uko mbele lakini hajui ni hatua ngapi. Leo vyombo vidogo vinavyovuka bahari hupokea ishara za setilaiti zinazoonyesha vilipo kwa mita chache. Hata hivyo setilaiti haimwamshi mshika usukani aliyesinzia, wala haiuondoi mwamba.

5. DALILI ZA NCHI KAVU

Kabla ya macho kuiona nchi, bahari yenyewe hutoa habari. Maji ya kilindi ni ya buluu iliyokoza. Yakianza kuwa ya kijani ujue kina kinapungua. Mwani na vijiti huelea. Ndege huonekana asubuhi wakitoka upande mmoja na jioni wakirudi upande huohuo, maana wengi wao hulala nchi kavu. Mawingu huzoea kurundikana juu ya nchi wakati wa mchana. Usiku upepo ukitoka bara huleta harufu ya udongo na moshi. Kwa wale waliokwenda India, dalili mojawapo ilikuwa nyoka wa baharini. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kilichoandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa bahari hii, kinawataja nyoka hao kuwa ishara kwamba nchi iko karibu.

Baharia haamini dalili moja. Wingu mara nyingi limedhaniwa kuwa mlima, na watu wakashangilia bure. Ndiyo sababu hutia bildi. Bildi ni kamba yenye risasi nzito mwishoni, inayoteremshwa majini kupima kina. Kina huhesabiwa kwa pima. Pima moja ni urefu wa mikono ya mtu akiinyoosha kulia na kushoto, karibu mita 1.8. Chini ya ile risasi hupakwa mafuta yaliyoganda, nayo huja juu yakiwa yamenasa mchanga, matope ama vipande vya matumbawe. Kwa hivyo bildi humwambia nahodha mambo mawili kwa mara moja: kina ni pima ngapi, na chini kuna nini.

6. KUNGOJA MLANGONI

Tumefika kwenye kiini cha somo. Mbele ya sehemu kubwa ya pwani yetu umetandaa mwamba wa matumbawe. Mawimbi ya bahari kuu huvunjika juu yake. Ili kuingia bandarini ni lazima chombo kipite penye mlango, yaani nafasi baina ya miamba yenye maji ya kutosha. Jina la Kilindini linatueleza jambo hilo: ni mahali penye kilindi, penye maji marefu.

Basi chombo kikiona nchi saa kumi na moja jioni, mabaharia wote hutaka kuingia usiku huohuo. Maji yamekwisha, mwili umechoka, taa za mji zinaonekana. Nahodha mwenye akili hufanya nini? Hupunguza tanga, hugeuza omo kuelekea baharini, na kungoja. Anangoja vitu vitatu.

Kwanza anangoja jua. Anayekuja pwani yetu kutoka baharini anaelekea magharibi. Asubuhi jua liko nyuma yake, na rangi za maji zinaonekana wazi: buluu ni kilindi, kijani ni maji haba, hudhurungi ni mwamba. Jioni jua liko machoni pake, na maji yote yanang'aa kama bati. Ni bahari ileile, lakini jioni haisomeki.

Pili anangoja maji kujaa. Chombo kikigusa fungu la mchanga maji yakiwa yanajaa, baada ya muda mfupi yatakiinua tena. Kikigusa maji yakiwa yanapwa, kitakwama papo hapo hadi maji yarudi, na mawimbi yatakigongagonga saa zote hizo. Kama ni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi zaidi, hatari huwa kubwa zaidi.

Tatu anangoja mwenyeji. Hapa ndipo neno rubani lilipoanzia, kabla ya ndege. Rubani ni mjuzi wa njia za majini. Nahodha anaweza kuwa amevuka bahari nzima, lakini mlango wa bandari ngeni humwachia mtu anayeujua. Desturi hiyo haijafa. Hata leo meli kubwa zikifika Mombasa hupanda rubani wa bandari kuziingiza ndani. Nahodha wa meli yenye mitambo ya kila aina anampisha mwenyeji, na hakuna anayemcheka.

Linganisheni na matatu yetu. Kutoka Westlands mambo ni sawa. Ikikaribia mjini abiria husimama, hushika mifuko, husogea mlangoni gari likiwa bado linakwenda. Wanaoanguka, wengi wao huanguka hapo, hatua chache kabla ya kituo, kwa sababu moyoni wamekwisha kushuka.

7. USHAHIDI WA HISTORIA

(a) Malindi hadi Calicut, na kurudi. Aprili 1498 Vasco da Gama wa Ureno alifika Malindi na kupewa mjuzi wa kumvusha hadi India. Vitabu vingi vimesema mjuzi huyo ni Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wengi siku hizi hawakubali. Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimwita Malemo Cana ama Canaqua. Lakini sikilizeni hilo neno "Malemo". Ni neno la Kiarabu la kumwita mjuzi wa safari za baharini, na ndilo lililotupa sisi neno mwalimu. Walimu wetu wapenzi, kumbe mna ndugu zenu baharini!

Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili. Kusi ulikuwa unaanza, na upepo ukawasukuma. Baada ya siku 23 bila kuona nchi, tarehe 18 Mei waliona milima mirefu. Wakatia bildi, wakapata pima 45. Je, waliingia? La. Usiku huo waliugeuza uso wa chombo wakaondoka karibu na pwani. Kesho yake walikaribia tena, lakini mvua na radi zikamzuia mjuzi wao kutambua mahali walipo. Tarehe 20 ndipo alipoitambua milima iliyo juu ya Calicut. Siku mbili zilipita kati ya kuiona nchi na kuijua, na katika siku hizo hakuna chombo kilichovunjika.

Kurudi kulikuwa kinyume. Hawakuungoja wakati wa kaskazi. Walianza kuvuka tarehe 5 Oktoba 1498, upepo ukiwa haujatulia, na njia waliyoivuka kwa siku 23 ikawachukua karibu miezi mitatu. Ugonjwa wa kiseyeye uliwashika kwa kukosa matunda na mboga. Ufizi ulivimba, na watu 30 walikufa. Walipoiona pwani ya Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, kila merikebu ilikuwa na mabaharia saba ama wanane tu wanaoweza kufanya kazi. Walifika Malindi tarehe 7 Januari, wakaletewa machungwa. Siku chache baadaye, huko upande wa Tanga, waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa sababu hapakuwa na watu wa kutosha kuziendesha zote.

(b) Nahodha wa Kuwait. Mwaka 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait liitwalo Bayan. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasir al-Nejdi. Walitoka upande wa Aden wakaja na kaskazi: Mogadishu, Lamu, Mombasa, Zanzibar, hadi delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, kisha wakarudi na kusi. Walifika Kuwait katikati ya 1939. Villiers aliandika kitabu kuhusu safari hiyo, akatuachia pia picha nyingi. Alishangazwa na jinsi nahodha huyo alivyoibeba pwani nzima kichwani: kila rasi, kila fungu, kila mlango.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Al-Nejdi hakufa katika safari zake za mbali. Alistaafu, na enzi za majahazi ya tanga zikapita. Februari 1979 alitoka na rafiki zake kwenda kuvua samaki karibu na pwani ya kwao Kuwait. Dhoruba ikawapata, naye akapotea. Mtu aliyekwenda Afrika na India na kurudi alichukuliwa na maji ya mlangoni kwake. Simlaumu hata kidogo. Dhoruba haimchagui mtu. Nasema tu kwamba bahari haiangalii umekwenda mbali kiasi gani wala umebakisha maili ngapi.

8. METHALI ZA BAHARINI

Sasa methali zifuatazo zitasomeka vizuri zaidi.

Penye mawimbi na milango i papo. Wengi huieleza kwamba penye shida pana njia ya kutokea. Ni sawa, lakini sasa mnajua kwamba mlango huo ni nafasi baina ya miamba, na hauonekani na mtu anayekimbilia ndani gizani. Lazima uutafute.

Manahodha wengi chombo huenda mrama. Mrama ni kuyumba kwa chombo huku na huku. Mshika usukani akiamriwa na watu watatu, chombo hukosa mwelekeo na kupigwa na mawimbi ubavuni.

Dau la mnyonge haliendi joshi. Kwenda joshi ni kushindana na upepo, na kunahitaji tanga zima, kamba imara na watu wa kutosha. Asiye navyo hupelekwa upepo unakotaka.

Kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hata ukitembea chombo chote, mbele na nyuma, mwishowe utarudi palepale maji yanapongoja kufuliwa. Mtu hurudi kwenye asili yake, na kazi ya msingi haikimbiliki.

HITIMISHO

Kwa wenzangu watahiniwa: majira haya tumeiona nchi. Tunaona taa. Tusipunguze zamu wala kugombana kwa ajili ya kikombe cha maji. Tusione haya kumwita rubani, naye ni mwalimu. Na kwa wale wa Kidato cha Tatu: mkiandika katika insha kwamba jambo "limeng'oa nanga", kumbukeni kwamba nanga hiyo lazima itiwe tena mahali pengine, na huko ndiko kwenye kazi.

MAZOEZI

1. Tofautisha maana: (a) kufua nguo na kufua maji, (b) kubisha hodi na kubisha chomboni, (c) mlango wa nyumba na mlango wa baharini, (d) rubani wa ndege na rubani wa bandari.

2. Nyota ya kaskazini imeshuka vidole vitatu tangu chombo kianze safari. Chombo kimekwenda kusini maili ngapi za baharini?

3. Katika jahazi la sehemu ya 3, zimebaki lita 240 kwa watu 12. Upepo umekufa, na sasa nahodha anaona zimebaki siku 10. Kila mtu atapata lita ngapi kwa siku?

4. Eleza kwa nini chombo kinachotoka India kuja Mombasa ni bora kiingie asubuhi, na kwa nini maji yawe yanajaa.

5. Andika insha inayoanza kwa maneno haya: "Taa za mji zilikuwa zinaonekana, lakini nahodha akaamuru tanga lipunguzwe..."

Majibu ya hesabu: swali la 2 ni maili 288 hivi, swali la 3 ni lita 2. Majibu ya maswali mengine tutayajadili katika mkutano wa chama. Njooni na kamusi, na kila mtu alete neno moja la baharini alilolisikia mjini ambalo mimi nimelisahau hapa.